Karatasi ya Njano Kwenye Kipimakasi

Meneja wa chuo cha urubani alikuwa amekwisha kuandika ripoti, akaigonga mhuri, akaibana kwa pini mbili na kuiweka katikati ya meza ili mgeni asipate taabu ya kupeleleza. Ndivyo alivyosema mwenyewe, tena kwa uso mkunjufu kabisa.

"Nimekurahisishia kazi, Shangazi. Soma, weka sahihi, saa sita uko nyumbani kwako unakula."

Mpelelezi wa ajali za ndege, ambaye idara nzima ilimwita Shangazi, wakubwa zake wakiwamo, hakuigusa ripoti. Alivuta kiti, akaketi taratibu kwa sababu ya goti la kushoto, akatoa daftari na penseli mkobani. Kazi hii aliifanya mwaka wa ishirini na mbili sasa, na kila alipoandaliwa jibu kabla hajauliza swali, pua ilimwasha.

"Nisomee wewe," alisema. "Miwani yangu ina vumbi."

Miwani haikuwa na vumbi lolote. Alipenda tu kumsikia mtu akisoma maneno yake mwenyewe kwa sauti, maana wengi hujikwaa palepale walipopaka rangi.

Meneja alikohoa, akasoma. Jumatatu, saa nne na dakika ishirini na sita asubuhi, mwanafunzi mmoja, mama wa miaka arobaini na mmoja, mkunga kwa kazi yake, alikuwa akiruka peke yake kwa mara ya kwanza. Alitua kwa mwendo mkali mno, akapitiliza mwisho wa njia ya kurukia, gurudumu la mbele likaingia mtaroni na kupinda. Hakuumia. Chuo kilipokagua ndege kilikuta kipimakasi, yaani ile saa inayomwonyesha rubani mwendo wake, kimefunikwa kwa karatasi ya njano ya kunata. Mwalimu wake alikuwa na mazoea ya kufunika chombo hicho wakati wa mafunzo, mazoea yaliyopigwa marufuku kwa tangazo la tarehe mosi. Siku hiyo alikifunika, akasahau kubandua, akashuka na kumwacha mwanafunzi apae bila kujua mwendo wake. Mapendekezo: mwalimu anyang'anywe leseni.

Hakujikwaa hata mara moja. Shangazi alisikitika kidogo.

"Kikao ni lini?"

"Kesho saa tatu. Na mwenyewe hapingi." Meneja alisogeza karatasi nyingine. "Hii barua yake."

Barua ilikuwa na mistari miwili. *Karatasi zile ni zangu, hakuna mwingine azitumiaye. Nimesahau, na kwa kazi hii kusahau kunatosha.* Chini yake sahihi ndogo, imenyooka.

"Miaka mingapi kazini?"

"Thelathini na mmoja. Ndiyo maana kuna jambo sikuliandika, kwa heshima ya umri wake." Meneja aliinama mbele. "Siku ile aliposhuka, mama wa watu anaachwa peke yake angani kwa mara ya kwanza maishani, yeye akatembea zake kurudi bandani. Hakugeuka! Mimi niko hapa dirishani roho iko mkononi, yeye anakwenda utadhani katoka dukani kununua sabuni. Na akiwa humo ndani ya ndege hasemi neno. Wanafunzi wanamwita Mzee Kimya. Sasa mwalimu gani hafundishi?"

"Hiyo karatasi iko wapi?"

Ilikuwa kwenye mfuko wa plastiki, droo ya juu. Kipande cha njano cha upana wa vidole vitatu, kingo zake zote zimenyooka. Juu yake, kwa kalamu ya wino, iliandikwa 240/8.

"Namba hizi?"

"Mahesabu yake tu. Yule ana mahesabu yake."

"Wewe umewahi kurusha ndege, Meneja?"

"Mimi? Mimi ni mtu wa utawala. Kabla ya hapa nilikuwa hotelini."

"Hata mimi sijawahi," Shangazi alisema, akautia mfuko mkobani pamoja na ripoti na barua. "Basi tuko sawa."

Mwalimu wa pili alikuwa darasani, ameshika kindege cha mbao kwenye kijiti na kukizungushazungusha mbele ya viti vitupu, akifanya mazoezi ya somo la mchana. Huyu aliitwa Redio, na Shangazi hakuhitaji kuambiwa sababu. Kabla hajaketi alikwisha kusikia habari za upepo, za chai ya chuo isiyo na majani ya kutosha, na za goti, kwamba dada yake Redio alikuwa na goti kama hilo na alitibiwa likapona.

Shangazi alimwacha aongee hadi apungukiwe pumzi.

"Mzee Kimya akiondoka, nani atakuwa mwalimu mkuu?"

Redio alikilaza kindege cha mbao mezani.

"Mimi," alisema.

"Na Jumatatu saa nne ulikuwa wapi?"

"Angani, na mwanafunzi wangu. Tulirudi saa tano kasoro. Mnara wameandika, nenda kaangalie." Uso ulikuwa umemshuka. "Shangazi, unadhani mimi ndiye niliyeiweka ile karatasi? Mimi? Yule mzee ndiye aliyenifundisha kuruka! Ningetaka kiti chake ningemngoja miaka miwili tu astaafu."

"Wewe unazo karatasi za njano?"

"Sote tunazo. Anamgawia kila mwanafunzi kibunda chake, unakifunga pajani kwa mpira ili uandike maagizo ya mnara. Humu chuoni ukitikisa suruali ya mtu yeyote itadondoka ya njano." Alijaribu kucheka.

Shangazi aliweka mfuko wa plastiki mezani. Redio aliinama, akautazama, akaugeuza, akaugeuza tena. Kisha akafanya jambo ambalo halikutarajiwa kwa mtu wa aina yake. Alitazama kwa muda mrefu bila kusema kitu.

"Sikio liko wapi?" aliuliza mwishowe.

"Sikio gani?"

"Mzee akifunika chombo hukunja kona moja ya karatasi kwanza. Hivi." Alichomoa karatasi yake mfukoni, akakunja kona ya chini kulia, ikasimama. "Sikio. Ili ukitaka kuibandua kwa haraka, kidole kipate pa kushika. Hajawahi kubandika bila sikio, hata siku moja. Sisi tuliopita mikononi mwake tulikuwa tunamtania, tunamwuliza kama na bahasha zake huzikunja. Hii hapa haina. Ndiyo kwanza naiona kwa karibu, Meneja alikuwa amejifungia nayo."

"Kwa nini anafunika?"

"Ili usiikodolee macho ile saa." Sauti ya Redio sasa ilikuwa ya kawaida, haikimbii. "Mwanafunzi mpya hutazama mshale tu. Mshale ukishuka anasukuma usukani, ukipanda anavuta, ndege inacheza ngoma. Mzee anakufunikia, halafu anakuambia sikiliza. Basi. Usikie injini, usikie upepo unavyopita dirishani, uone pua iko wapi. Mimi nikiruka na mwanafunzi naongea mwanzo hadi mwisho, vuta, sukuma, angalia kushoto. Najua wanavyoniita. Naongea kwa sababu naogopa, Shangazi. Yeye hukaa amekalia mikono yake miwili ili asije akashika usukani wako. Haogopi chochote yule mzee."

Shangazi aliandika: *sikio*. Chini yake akaandika: *anakalia mikono*. Halafu akauliza mnara uko upande gani, na kama una ngazi nyingi.

Zilikuwa ngazi sitini na nne. Alizihesabu zote na kuzilaani nusu yake. Juu kabisa alimkuta mwongoza ndege, mtu mnene mpole mwenye vipokea sauti shingoni, aliyempa kiti na maji kabla ya kumwuliza shida yake.

"Daftari la Jumatatu, ndugu yangu. Na pumzi yangu ukiiona njiani niokotee."

Daftari lilifunguliwa. Mwandiko wa mwongoza ndege ulikuwa safi, kila tukio na dakika yake. Shangazi aliweka penseli chini ya mstari wa kwanza, akashuka nao.

Saa tatu na dakika ishirini: wamepaa wawili, mwalimu na mwanafunzi, upepo 190/5.

Saa nne na dakika tano: wametua. Mwalimu ameshuka.

Saa nne na dakika kumi na mbili: upepo umegeuka. Mwanafunzi ameambiwa upepo mpya, amejibu amepokea. 240/8.

Penseli ilisimama.

"Hii ni nini? Mia mbili arobaini mkwaju nane?"

"Upepo unatoka digrii mia mbili arobaini, kasi yake noti nane, yaani kama kilomita kumi na tano kwa saa," alisema mwongoza ndege. "Lazima mwanafunzi auandike ndipo nimruhusu kupaa. Ulikuwa wa upande mmoja asubuhi yote, ukageuka ghafla dakika ile. Nakumbuka, maana hata chai yangu ilimwagika, dirisha lilikuwa wazi."

"Kabla ya saa nne na dakika kumi na mbili, kuna mtu yeyote hapa uwanjani aliyeijua namba hii?"

"Angeijuaje? Haikuwapo."

Shangazi aliutoa mfuko wa plastiki, akauweka juu ya daftari. Namba mbili zikakaa pamoja, ya wino wa mnara na ya karatasi ya njano, hazipishani hata nukta. Mwalimu alishuka saa nne na dakika tano. Karatasi iliandikwa dakika saba baadaye. Tangu hapo mpaka ndege inaingia mtaroni kulikuwa na mtu mmoja tu ndani yake.

"Lo," alisema mwongoza ndege.

"Nisaidie kushuka ngazi," alisema Shangazi. Alikuwa anatabasamu.

Mkunga alikuwa kazini, wodi ya wazazi, anafunga shuka kwenye kitanda kilichotoka kuachwa na mzazi. Mwanamke mfupi mwenye mikono imara, kitambaa cheupe kichwani. Alimwona Shangazi mlangoni na mkoba wake, akajua bila kuambiwa.

"Nimeshaandika maelezo yangu, dada."

"Nimeyasoma. 'Nilitua kwa kasi, nikapitiliza. Kosa ni langu.' Maneno saba. Tukae wapi tusisikiwe?"

Walikaa kwenye chumba cha dawa, kila mmoja juu ya boksi. Shangazi hakuzunguka.

"Ile karatasi uliibandika wewe."

Mkunga alitazama mikono yake.

"Sina la kusema kuhusu karatasi."

"Kuna tangazo ukutani chuoni, linakataza kufunika vyombo. Ulidhani ukitaja karatasi utaulizwa umejifunza kwa nani, naye mwalimu wako aonekane amekiuka amri."

Mkunga alinyoosha aproni magotini.

"Mama, nikwambie jambo ambalo naona hukuambiwa. Karatasi ilikutwa. Wamesema ni yake, ameisahau. Na yeye amekubali. Kesho saa tatu wanamnyang'anya leseni."

"Wanamnyang'anya *nini*?"

Boksi la dawa lilianguka. Mkunga alikuwa amesimama, na sauti yake huenda ilifika mpaka kwa waliokuwa na uchungu.

"Amekubali? Amekubalije jambo ambalo hakulifanya? Alibandua yake mwenyewe, nimeona kwa macho yangu, kabla hajafungua mlango! Mimi nimekaa siku mbili nimeubana mdomo kwa ajili yake, kumbe nammaliza! Meneja aliniambia nipumzike, nitaitwa. Nikasema vizuri, nisipoongea hakuna atakayejua. Jamani!" Alikaa tena, machozi yanamtoka na hasira bado iko juu. "Andika. Andika yote."

Shangazi aliandika. Alipopaa, mshale wa kasi ulikuwa mzuri tu. Kisha, pua ikiwa juu, ndege inapanda polepole kama kawaida yake, mshale ukaanza kukimbia. Ukasema anakwenda mbio kuliko ndege ile inavyoweza. Alishangaa, akaendelea. Alipozunguka na kuanza kushuka ili atue, mshale ukageuka, ukaporomoka, ukapita chini ya alama nyeupe, karibu na sifuri. Kwa mujibu wa mshale alikuwa amesimama angani, sekunde yoyote anadondoka.

"Ungefanya nini kama ungeuamini?"

"Ningesukuma pua chini nipate mwendo. Chini palikuwa karibu, dada. Ningekita."

"Na hukuuamini kwa nini?"

Mkunga alifuta uso kwa kitambaa cha kichwani.

"Sisi hapa tuna mashine ya kusikilizia moyo wa mtoto tumboni. Kuna siku inakwambia hakuna kitu, kimya, na huku mama anacheka mtoto anampiga teke. Utaamini kipi? Nilisikiliza injini. Sauti ilikuwa ileile ya siku zote tunaposhuka. Pua ilikuwa palepale. Upepo dirishani uleule. Lakini jicho haliachi kuutazama mshale, na kila nikiutazama mkono unataka kusukuma. Nikang'oa karatasi ya juu pajani, ile niliyoandikia upepo, nikaibandika usoni pa ile saa. Basi nikatulia. Ilikuwa kama yuko pale kiti cha kulia amekalia mikono yake."

"Na kule kupitiliza?"

"Niliacha mwendo wa ziada kidogo, kwa usalama. Nikauacha mwingi." Kwa mara ya kwanza alicheka. "Mtaro ule haukuwa na haja ya kuwa pale, lakini."

Shangazi alifunga daftari.

"Unamaliza zamu saa ngapi?"

"Nimeshamaliza sasa hivi," alisema Mkunga, na kuanza kuvua aproni.

Ndege iliyopinda gurudumu ilikuwa imeinuliwa kwenye vitalu, ndani ya banda. Fundi wa ndege alikuwa mzee wa maneno machache na vidole vyeusi. Aliambiwa aihifadhi tu, asiiguse hadi ripoti isainiwe, na hakuigusa.

"Fundi, ile saa ya kasi inajuaje mwendo?"

Alimwonyesha. Chini ya bawa la kushoto kulikuwa na kibomba chembamba kinachotazama mbele. Upepo unaingia humo, unasukuma, mshale unapanda.

"Na kikiziba?"

"Mshale unasema uongo. Ukipanda unaongeza, ukishuka unapunguza." Alisema hivyo, halafu akasikia alichokisema. Akatazama kibomba. Akamtazama Mkunga. Akaenda kuleta tochi na waya.

Waya uliingia, ukasimama kiganja kimoja ndani. Fundi alikifungua kibomba chote, akakigonga taratibu juu ya gazeti. Vumbi likatoka, kisha donge dogo la matope makavu, limefinyangwa vizuri, na ndani yake buu jeupe la nyigu lililokufa.

"Amejenga mle," alisema Fundi kwa sauti ya chini. "Mbele paliachwa tundu, ndiyo maana ukikagua kwa jicho huoni. Ndege ikitikisika angani, kipande kimeanguka kikaziba."

"Nyigu anajenga kwa siku ngapi?"

"Mbili. Tatu."

"Na kibomba hiki hakina kifuniko cha kukivisha ndege ikilala?"

Fundi alikuna shingo.

"Kinacho. Chekundu, cha kitambaa. Kilichanika Ijumaa, nikampelekea mke wangu akishone. Kipo nyumbani juu ya cherehani. Kila siku nasema nitakirudisha. Niandike, Shangazi. Hilo ni langu."

"Nimeshakuandika," Shangazi alisema. "Na mkeo mwambie amalize leo."

Jumatatu asubuhi, alipokuwa akiruka na mwanafunzi wake, Mzee Kimya alikuwa amekifunika kipimakasi kama kawaida yake, kwa hiyo kama mshale ulikwisha kuanza kuyumba hakuna aliyeuona. Hilo nalo Shangazi aliliandika. Tangazo la Meneja halikuwa upuuzi mtupu, na yeye hakuwa mtu wa kuficha nusu ya jambo kwa sababu nusu ya pili imempendeza.

Walimkuta mwenyewe chumba cha nyuma cha banda, anapanga vitu vyake kwenye begi. Mtu mwembamba, mvi zimekatwa fupi, shati limepigwa pasi ingawa hakuwa na zamu. Alipomwona Mkunga aliacha kupanga.

"Hujambo, mama? Mgongo hauumi?"

"Mgongo! Mwalimu, mimi nataka kukugombeza, sijui nianzie wapi!"

Alianza popote, akamaliza vilevile. Shangazi alijazia dakika za mnara, namba za upepo, sikio lisilokuwapo na donge la matope, ambalo Fundi alilileta juu ya gazeti kwa heshima zote. Mzee Kimya alisikiliza bila kumkatiza mtu. Mwisho alitikisa kichwa.

"Nashukuru. Lakini mimi sikumbuki kuibandua yangu. Nimejiuliza siku mbili, usiku silali. Naona mkono wangu unakwenda kwenye saa, halafu sioni kitu. Huenda aliweka yake juu ya yangu. Siwezi kumwambia mtu nina hakika wakati sina."

"Mwalimu, nimekuona!" alisema Mkunga.

"Unanipenda, mama. Unaweza kuona unachotaka."

Ubishi wa namna hii Shangazi alikutana nao kwa wahalifu tu, wakijitetea. Kwa mtu anayejishtaki hakuwahi. Alitazama chumba polepole, kona kwa kona, kama alivyozoea anapoishiwa. Meza. Begi. Picha ya wajukuu watatu. Kofia ya kitambaa, imetundikwa kwenye msumari.

"Karatasi ukishaibandua, huiweka wapi?"

"Ndani ya kofia. Ili isipeperuke ikaingia kwenye pedali."

"Na kofia hii umeivaa lini mara ya mwisho?"

Mzee Kimya aliitazama kofia pale msumarini.

"Jumatatu. Niliitundika niliposikia kishindo, nikakimbia. Sijaigusa tena. Niliona sistahili."

Shangazi aliiangua kofia, akaigeuza na kumpa. Ndani yake, juu ya bitana iliyochakaa, ilinata karatasi ya njano, safi, haina namba yoyote. Kona yake ya chini kulia ilikuwa imekunjwa.

Mzee Kimya aliishika kofia kwa mikono miwili. Akakaa juu ya begi lake, akaanza kucheka kidogo kidogo, kisha akalia waziwazi bila aibu, na Mkunga akamshika bega. Fundi alikumbuka ghafla kwamba ana spana ya kutafuta.

"Siku mbili," alisema Mzee Kimya. "Siku mbili naipita hapa ukutani."

"Barua yako naichana au unaichana mwenyewe?" aliuliza Shangazi.

Meneja hakupinga sana. Aliisoma taarifa ya Shangazi amesimama, akauliza nyigu anaandikwaje kwenye fomu, akaambiwa anaandikwa hivyo hivyo, nyigu. Tangazo la marufuku alilibandua na kusema atalitunga upya, akishirikiana na Mwalimu Mkuu, kwamba chombo kifunikwe mkishapaa na kukihakiki. Halafu akamwomba Shangazi ile ripoti yake ya pini mbili, na Shangazi akamrudishia.

Saa kumi jua lilikuwa limelegea na upepo umetulia. Ndege ya pili ilikuwa tayari. Mkunga alisema hawezi kwenda kulala na mtaro kichwani, na kwamba yeye wazazi wake wa wodini huwaambia watembee mapema baada ya kujifungua. Waliruka wawili mara tatu, wakatua mara tatu. Shangazi alikuwa pembeni ya njia ya kurukia, amekunja mikono. Baada ya mara ya tatu ndege ilisimama, mlango wa kulia ukafunguka, Mzee Kimya akashuka. Alibandika karatasi ndani ya kofia, akaivaa, akafunga mlango na kuupiga kofi moja dogo.

Halafu akatembea zake kuelekea bandani, mikono nyuma.

Shangazi alimfuata, goti likilalamika. Nyuma yao injini ilipanda sauti, ikapita, ikawa angani. Hakugeuka.

"Geuka basi, mzee. Mwenzio yuko juu peke yake."

"Nikigeuka ataniona."

"Kutoka kule juu?"

"Ataniona. Atasema, mwalimu ana wasiwasi. Basi na yeye atakuwa nao." Alitembea hatua kadhaa, kichwa kimeinama upande mmoja. "Anakata kona. Vizuri. Amepunguza moto. Ngoja. Ngoja. Amepunguza tena."

Alizungumza mfululizo sasa, kwa sauti ya chini, mwanafunzi hayupo karibu kumsikia. Shangazi alibaki nyuma nusu hatua, na ndipo alipoiona mikono yake. Ilikuwa imefumbatana mgongoni, kila mmoja umeubana mwenzake, kucha zimeingia nyamani na ngozi imebadilika rangi. Jasho lilikuwa linachuruzika kwenye viganja.

Redio alikuwa amekosea, basi, kuhusu jambo moja. Shangazi hakuliandika.

Nyuma yao magurudumu yaligusa lami, mlio mfupi, kisha mwingine mdogo. Injini ikashuka, ikawa ya ndege inayotembea chini.

Mzee Kimya alisimama. Aliifumbua mikono, akaipangusa kwenye suruali, upande huu na upande huu, mpaka ikakauka. Ndipo akageuka.